Shuka Lenye Uzi wa Buluu

Haya alinisimulia Epifania mwenyewe, mwezi wa saba mwaka themanini na tano, tulipokuwa tunachuma kahawa kihambani kwake, shamba linalozunguka nyumba yake, Kirua Vunjo. Alisimulia polepole, mikono ikiendelea na kazi. Alipofika pagumu aliinama kuokota kahawa chini, hata pale ambapo hakuna iliyoanguka.

Epifania alikuwa na shuka moja jeupe ambalo halikuwahi kutandikwa.

Lilikaa ndani ya sanduku la bati, chini kabisa, limekunjwa mara nne na kuwekewa majani ya mkaratusi ili wadudu wasilisogelee. Kitambaa cha marekani safi, mita nne, na kingo zake zote mbili zimepitishwa uzi wa buluu mwanzo hadi mwisho. Alilinunua mjini Moshi mwaka ule mumewe Evaristo alipofariki, kwa kahawa ya msimu wa kwanza wa ujane, kabla hajanunua chumvi wala mafuta ya taa. Muuza duka alimwuliza, "Mama, ni la kitanda cha futi ngapi?" Epifania akamjibu, "Ni la kitanda kisicho na godoro." Yule muuza duka akacheka, kisha akaacha kucheka.

Lilikuwa sanda yake. Na alikuwa na sababu. Mama yake mzazi alizikwa mwaka wa njaa, amefungwa gunia la katani, na gunia halikutosha. Epifania alikuwa mtoto wa miaka tisa, amesimama nyuma ya watu wazima, na katikati ya miguu yao akaiona miguu ya mama yake imetokeza, nyayo bado zina udongo wa shamba. Tangu siku hiyo hakuomba makubwa duniani. Aliomba azikwe amefunikwa miguu.

Wanawake wa kule, mtu akishaweka sanda yake, humwonyesha mwenzake mmoja ilipo, maana maiti hawezi kusema, "Fungueni sanduku la chini." Epifania alimwonyesha Dafroza, mkwe mwenzake. Dafroza naye akamwonyesha ya kwake, iliyokaa kwenye debe lenye kifuniko. Wakacheka, wakanywa chai ya rangi. Nyumba zao zilitenganishwa na mfereji mmoja wa maji na migomba ya jirani, na watoto wao walikuwa wameoana: Theodory wa Dafroza alimwoa Odilia, mtoto pekee wa Epifania aliyekua.

Theodory alikuwa fundi wa mitambo huko chini tambarare, kwenye mashamba ya miwa, akipanda mlimani mwisho wa mwezi. Odilia alikaa na mama mkwe wake. Mwaka themanini alijifungua mtoto wa kiume, Gabriel, katikati ya masika. Mtoto aliishi wiki tatu. Watu walisema kifua. Lakini Odilia alikuwa na nepi tatu tu, vipande vya kanga iliyochoka, na mvua ile ilinyesha siku kumi na moja bila kuacha jua lipumue. Alizikamua, akazitandika juu ya mapaja yake mwenyewe zipate joto, kisha akamvika mtoto zikiwa na unyevu. Alipomzika, hakusema kifua. Alisema, "Mwanangu amekufa kwa maji."

Basi mwaka themanini na mbili, mwezi wa pili, Odilia akavuka mfereji kwenda kwa mama yake, tumbo limetangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwenye kigoda. Mbona unatembea na jua la saa saba kama mdaiwa?"

Odilia akakaa, akavua kandambili. "Mama, nataka nepi kumi na mbili."

"Kumi na mbili!" Epifania akapiga makofi. "Unazaa mtoto au unazaa darasa?"

"Sita ziwe kwake na kwenye beseni, sita ziwe kwenye dari zinakauka. Nimekaa nikafikiri, mama. Chini ya hapo, masika itanishinda tena."

"Na kitambaa?"

"Jumatatu nilipanga foleni pale duka la ushirika tangu alfajiri. Nilipofika dirishani wameniuzia kufuli." Odilia alianza kucheka, machozi yakawa karibu. "Kufuli, mama! Nimfungie mtoto asikojoe?"

Wakacheka wote wawili mpaka kuku akatoka uvunguni. Kisha Epifania akakaza uso, kwa sababu alikuwa mtu wa desturi. "Unajua mtoto hashonewi akiwa tumboni. Kumshonea ni kumwita kabla hajaamua kuja. Subiri azaliwe, tutamtafutia."

Odilia akatazama kandambili zake. Akasema taratibu, "Gabriel tulimtafutia."

Epifania akainuka. Alimkatia binti yake ndizi mbivu, akamsindikiza hadi mferejini, akarudi ndani. Alikaa kitandani muda mrefu akilitazama lile sanduku la bati. Mwisho akalivuta.

Alilifungua shuka juu ya mkeka. Lilikuwa jeupe hata macho yakauma. Akalikunja mara mbili kwa urefu, akapima kwa mkono wake: kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, na kiganja kimoja juu yake. Akashika wembe. Alisema kwamba wembe ulipoingia, kitambaa kililia, "krrr," naye akasimama akatazama mlangoni kama mwizi. Halafu akaendelea. Zilitoka pande kumi na mbili, na mabaki membamba ya mwishoni.

Nepi nzuri si kitambaa cheupe tu. Ni kile kilicho katikati. Epifania alichukua mashati matatu ya marehemu Evaristo, yaliyofuliwa miaka hadi yakawa laini kama sikio la mbuzi, akayakata vipande, akavipanga matabaka matatu matatu, akayaweka katikati ya kila upande mweupe, pale mkojo unapoangukia. Akashona kuzunguka, kisha akapitisha mishono miwili ya msalaba ili matabaka yasikimbiane wakati wa kufua. Uzi hakununua. Alichomoa kwenye mifuko ya unga, ule unaofunga mdomo wa mfuko: ukishaupata ule mwisho wake wa kweli, unavuta mara moja na wote unakuja. Pini za nepi hazikuwepo duniani mwaka ule, kwa hiyo mabaki membamba akayageuza kamba za kufungia kiunoni. Hakutupa hata unyuzi. Uzi wa buluu ulibaki pembeni mwa nepi zote, maana kila moja ilikuwa na ukingo wake mmoja.

Alishona wiki mbili. Odilia alipokuja kuzichukua, alizihesabu, akaishika moja akaibandika shavuni.

"Mama, kitambaa hiki umekipata wapi?"

"Kilikuwa sandukuni. Mende walishaanza kukiulizia."

"Ni kipya."

"Kipya, kikuukuu, mtoto hajui kusoma lebo. Chukua uende, mvua inakuja."

Odilia akazifunga kwenye kanga, akalishika tumbo lake. "Haya sasa," akaliambia, "njoo. Kila kitu ni kikavu."

Mtoto alikuja mwezi wa nne, Alhamisi, nyumbani kwa Dafroza, mvua ikipiga bati kama mawe. Wa kike. Mzaliwa wa kwanza wa kike huchukua jina la mama wa baba, kwa hiyo akawa Dafroza tangu pumzi ya kwanza. Epifania alivuka mfereji na chungu cha mtori wa ndizi, akamkuta binti yake amelala na mtoto kifuani, amechoka, anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama marehemu baba yake.

Nepi ya kwanza ilipata kile kinyesi cha kwanza cha mtoto, cheusi, kinachonata kama lami. Epifania aliichukua mwenyewe. Kufulia nepi ndani ya mfereji ni mwiko, maji yale wanayanywa watu wa chini, hivyo alichota ndoo, akafulia kwenye migomba. Sabuni haikuwepo. Alichuja maji ya majivu, akaloweka, akasugua, akachemsha. Doa likagoma. Liligeuka tu rangi, likawa la kahawia, kubwa kama kiganja.

"Limekataa," alimwambia Odilia akimwonyesha.

Odilia akalitazama akacheka pale kitandani. "Mwacheni mtoto wangu. Hiyo ni saini yake."

Siku ya tatu Dafroza alipanda kwenye dari kugeuza nepi juu ya moto. Alipoishika moja karibu na mwanga, akauona uzi wa buluu. Aliujua. Alikuwa ameonyeshwa uzi ule kwa macho yake, ndani ya sanduku la bati, na akaambiwa, "Siku yangu ikifika, hili hapa." Alikaa juu ya ngazi na nepi mkononi. Kisha akairudisha mahali pake, akashuka, hakumwambia mtu.

Siku ya sita Odilia alishikwa na homa. Siku ya saba homa ikapanda, akaanza kuita majina ya watoto aliosoma nao. Barabara ilikuwa tope hadi magotini na gari la kumshusha hospitali halikuwa na mafuta. Asubuhi ya siku ya nane wanaume wa jirani walikuja na miti miwili na blanketi, wakaanza kufunga machela uani. Epifania alikuwa ndani, amemshika binti yake mkono.

"Mama," Odilia akasema, sasa akili imemrudi kabisa, "amekauka?"

Epifania akaingiza kidole ndani ya nepi ya mtoto. "Mkavu, mwanangu."

"Sawa."

Nje, mwanaume mmoja alisema, "Kaza hapo, kamba italegea njiani." Walipoingia na machela, hapakuwa na wa kubeba. Odilia alikuwa amekwenda bila wao.

Kilio cha mama huyo sitakieleza. Kilichofuata ndicho kilichomkaa Epifania moyoni miaka yote. Dafroza alitoka jikoni na nepi kumi na moja mikononi, nyingine mbichi, akazirusha miguuni pake, uani, mbele ya wanaume na machela yao.

"Zitazame, Mama Odilia! Waambie watu hizi ni nini!"

"Mama Theodory, leo jamani..."

"Leo! Leo ndiyo siku yake! Umekata sanda yako ukamvika mtoto aliye tumboni! Mtoto mwenye jina langu, umemvika sanda yako! Sanda ikishanunuliwa haikai bure, lazima impate mtu. Ulidhani itampata nani?"

Hakuna aliyesema ni kweli, na hakuna aliyesema si kweli. Epifania alitazama zile nepi chini kwenye tope, akainama akaanza kuziokota moja moja. Alijua desturi. Alijua alisimama akatazama mlangoni kama mwizi wembe ulipoingia. Mtu asiye na hatia hatazami mlangoni, ndivyo alivyojiambia.

Kesho yake akafika Theodory kutoka tambarare, amepitia mjini kutafuta shuka la kumzika mkewe. Alikuwa kijana mrefu, na siku hiyo alionekana kama mtu aliyekunjwa. Akatoa karatasi yenye mhuri.

"Kibali nimepewa," alisema. "Mita nne, za maziko. Nimezunguka nacho maduka yote. Kibali kipo, kitambaa hakipo."

"Hata kipande?" Dafroza aliuliza.

"Mama, kaunta zinang'aa. Muuzaji mmoja ameniambia nimfunike kwa kibali."

Wanaume walikuwa wamekwisha kuranda mbao za jeneza. Mazishi yalikuwa kesho. Odilia alilala chumbani, amefunikwa kanga yake, na kanga ilikuwa fupi. Epifania alikwenda upande wa kitanda, akaiona miguu ya mwanawe.

Alitoka hapo. Alichukua nepi zote zilizokauka, akakaa barazani kando ya mchirizi wa mvua, akashika wembe, akaanza kufumua. Aliifumua ya kwanza, akatoa lile tabaka la mashati, akalitupa pembeni. Ya pili. Ya tatu. Wembe ulimkata kidole akakinyonya akaendelea. Ile aliyovaa mtoto aliagiza ivuliwe pia, na mtoto akafungwa kipande cha kitenge. Alitaka shuka lake lirudi kama lilivyokuwa, mita nne, amfunike mwanawe hadi miguu, na pengine, akisharudisha kila alichokata, neno lile la Dafroza nalo litarudi lilikotoka.

"Mama Odilia, pumzika kidogo," Theodory alimwambia.

"Nitapumzika sanda ikitimia."

Dafroza alikuwa amekaa upande wa pili wa baraza, anamenya ndizi za msiba. Alimwona. Hakumsaidia na hakumzuia.

Mtoto alikuwa ananyonyeshwa na Flavia, jirani, mwanamke wa maneno makali na moyo mwepesi, aliyekuwa na mtoto wake wa miezi mitano. Alimpa huyu titi la kushoto, wake la kulia, akisema, "Mimi nimekuwa ng'ombe wa ujamaa." Saa tisa hivi akaja mbio kutoka nyumbani kwake, mtoto amemkumbatia ndani ya sweta.

"Nani amemfunga mtoto kitambaa hiki?" akauliza hata kabla ya kusalimu. "Shikeni! Shikeni hapa!"

Hakuna aliyesogea. Flavia akamfunua mtoto mbele yao. Kitenge kilikuwa kimelowa, sweta limelowa, mgongo wa mtoto umelowa hadi shingoni, na midomo yake imekuwa rangi ya zambarau iliyopauka. Mtoto akapiga chafya, mara moja, ndogo kama ya paka.

"Mnachimba kaburi moja au mawili?" Flavia akasema. "Semeni mapema, wachimbaji wapo."

Epifania alikuwa na nepi ya saba mkononi, wembe umeshaingia kwenye mshono wa kwanza. Hapo ndipo mkono wake ulipogoma. Alisema mkono uligoma wenyewe, kama ng'ombe kwenye daraja. Akimtazama mtoto alimsikia Odilia akiuliza, "Amekauka?" Akitazama mlango wa chumbani aliiona miguu. Hakuweza kwenda mbele, hakuweza kurudi nyuma. Akakaa hivyo hivyo na wembe wake, akawa analia bila sauti, watu wakimtazama.

Dafroza akaweka kisu chini. Akasimama, magoti yakalia, akatoka mvuani bila kujitanda kitu. Akaenda hadi kwenye ua wa masale, ule mpaka wa kihamba chao, akavunja jani moja. Akarudi, maji yakimchuruzika usoni, akapiga magoti mbele ya Epifania, mwanamke wa umri wake, akaliweka lile jani juu ya nepi.

Anayeletewa jani la sale, jani la kuombea msamaha, hana ruhusa ya kulikataa. Hata aliyeuliwa ng'ombe huligusa. Epifania akaligusa.

"Nilisema maneno mabaya uani," Dafroza akasema. "Nimekuja kuyaokota. Na nina neno lingine, halijui mtu, hata Theodory. Niliposema sanda na mtoto, nilikuwa najisema mimi."

"Vipi wewe?"

"Nenda kafungue debe langu. Hamna kitu. Gabriel alipokufa, hawa wanaume walimletea kitambaa cha mezani. Usiku ule ule nilimfungua nikamviringisha yangu. Yote. Mita nne kwa mtoto wa wiki tatu." Akafuta uso kwa kiganja. "Alikuwa wa baridi, Mama Odilia. Nilidhani ana baridi."

Theodory alikuwa amesimama mlangoni. Akaegemea ukuta, akajifunika macho kwa ile karatasi ya kibali.

"Kwa hiyo nilipouona uzi wa buluu juu ya dari," Dafroza akaendelea, "niliona ni mimi. Nilidhani nimekifundisha kifo njia ya kuingia nyumbani humu. Nikatafuta wa kumtwisha. Sasa jani nimeleta. Ninachoomba ni hicho kimoja: acha sita. Mwenye jina langu awe mkavu."

"Na Odilia?" Epifania akauliza. "Nimzike miguu nje?"

Flavia, aliyekuwa amekwisha kuichukua nepi moja kavu akamfunga mtoto bila ruhusa ya mtu, akasema, "Sita zikiunganishwa mbili mbili kwa safu tatu zinamtosha juu, kichwa hadi miguu. Chini mtandikieni kanga. Ardhi haichungulii."

"Na hivi vipande vya katikati," Dafroza akasema, akianza kukusanya matabaka ya mashati pale chini, "usivitupe. Mtoto atavaa ndani ya kitenge. Ukiweka hivi juu ya hivi, maji hayafiki mgongoni."

Epifania akatazama zile sita alizokwisha kufumua. Akazipanga sakafuni. Mbili, mbili, mbili. Kila moja ilikuwa na mraba katikati, vitundu vya sindano vilivyobaki baada ya uzi kutoka, na msalaba wa vitundu ndani ya mraba. Akazipima kwa mkono wake. Akapima tena.

Kisha akaondoa moja katika zile sita, akaiweka kando, na mahali pake akachukua ile yenye doa, akaifumua nayo.

"Hiyo hapana," Dafroza akasema haraka. "Mama Odilia, watu watapita kuaga. Watasema tumemzika na uchafu."

"Watu hawataiona. Doa litageukia ndani, litalala kifuani pake."

"Lakini kwa nini hiyo?"

"Hii aliitia saini mwanawe," Epifania akasema. "Atafika huko ataulizwa, 'Umeacha nini?' Awe na cha kuonyesha."

Dafroza hakubisha tena. Alivuta kigoda karibu, akaomba sindano. Theodory akaenda kuchomoa uzi kwenye mfuko wa unga wa msiba. Alikosea mwisho wake mara mbili, ukakwama, mara ya tatu ukaja wote. Wale wanawake wawili wakashona wakianzia pande mbili, mmoja upande wa kichwa, mmoja upande wa miguu, hadi walipokutana katikati, kwenye ile yenye doa, na giza lilikuwa bado halijaingia. Upande wa miguu alishona Epifania. Alikunja pindo dogo kabisa, ili asipoteze hata upana wa kucha.

Walimzika Jumamosi saa nane, mvua ikiwa imepumzika. Waliopita kuaga waliona shuka jeupe lenye mishono na vitundu, lenye vipande vya uzi wa buluu vilivyokatika huku na huku kama njia za sisimizi, na lilinuka moshi wa jikoni. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Shuka gani hili?" Flavia akamjibu, "La kushonwa na mama wawili. Wewe lako liko wapi?" Kabla hawajafunika jeneza, Epifania aliingiza mkono akagusa chini. Miguu ilikuwa imefunikwa. Kulikuwa na vidole viwili vya kitambaa vya ziada, akavikunjia ndani.

Watu walikula, wakaosha vyombo, wakaanza kuondoka kabla tope halijazidi. Flavia akamnyonyesha mtoto mara ya mwisho ya mchana, akamweka kwenye kitanda cha Dafroza, akaenda kumtazama wake.

Jua lilitoka kidogo, la saa kumi na moja, jembamba. Epifania akazitoa nepi mbili kwenye dari akazitandika juu ya ua wa masale zipate angalau hilo. Akasimama hapo akizilinda, kwa maana mawingu yalikuwa bado yamekaa kwenye mlima. Nyuma yake mfereji ulipita na maji mengi mekundu. Alipozigusa na kuona zimefikia ukavu, akaziondoa, akaingia ndani.

Theodory alikuwa amelala mkekani na viatu vyake, tope na yote, mkono mmoja juu ya macho. Dafroza alikuwa kitandani, amejikunja kumzunguka mtoto kama mtu anayekinga mshumaa. Hakuwa amelala.

"Zimekauka?" akauliza.

"Zimekauka."

"Mvalishe basi. Mimi mikono imekufa."

Epifania akamvalisha. Matabaka katikati, upande wa chini juu ya tumbo, kamba kiunoni, fundo la upande ili lisimchome akilala. Mtoto akafungua jicho moja, akalifunga. Akalala. Dafroza akamwekea mkono juu.

"Mama Odilia."

"Naam."

"Sasa siku yetu ikifika, tutazikwa na nini?"

Epifania akamtazama mtoto. "Atakuwa amekua," akasema. "Atatutafutia."

Dafroza akatoa sauti, haikuwa kicheko na haikuwa kilio. Baada ya kitambo pumzi yake ikawa nzito, naye akalala.

Epifania akakaa chini, mgongo kwenye ubavu wa kitanda. Mkononi alikuwa bado na ile nepi aliyoiondoa kwenye shuka, iliyofumuliwa, na sindano imechomekwa pembeni. Akaweka tabaka mahali pake, akashona upande mmoja. Akaanza wa pili. Katikati ya mshono akanyoosha kidole akagusa chini ya mtoto, akakuta pakavu, akakirudisha. Akavuta kanga yake ajifunike. Ilikuwa fupi, ilimfika chini kidogo ya magoti, na nyayo zake zikabaki nje, zina udongo wa kaburini.

Alizitazama. Hakuzivuta ndani. Kichwa kikaegemea godoro, sindano ikalegea vidoleni, na Epifania naye akalala.